Umbo, Maana na Haki ya Kupanga

Kila andiko lina mambo mawili: lile linalosemwa, na namna linavyokaa juu ya karatasi. Watunzi na wanakili wa pwani wamelijua hili tangu enzi za miswada ya hati za Kiarabu, ambapo ubeti ule ule uliweza kukaa katika mstari mmoja au katika miwili bila ya kupungukiwa na kitu. Lakini mkao una uzito wake. Humwongoza msomaji, na pengine humpoteza. Kwa hivyo suali la nani mwenye haki ya kupanga andiko la mwingine, na mpaka wa haki hiyo uko wapi, ni suali la kimaadili, ijapokuwa aghlabu huachiwa wapiga chapa. Suali hili limepata sura mpya katika kazi ambayo wapenzi wa ushairi hawaitazami mara kwa mara, nayo ni kazi ya kuandika programu za kompyuta. Waandishi wa programu wamejiundia chombo kinachochukua maandishi ya mtu, kuuvunja mpangilio wake wote, na kuyapanga upya kwa kanuni zilizowekwa, bila ya kutaka shauri la mwenyewe. Wengi wao wamekikubali chombo hicho na hata kukishukuru. Inafaa kuchunguza kwa nini.

Programu, kabla ya kuwa kitu kinachofanya kazi ndani ya mashine, ni maandishi. Mtu huketi akaandika maneno na alama, na programu nyingine iitwayo kompaila huyasoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Maandishi hayo ya mwanzo huitwa msimbo chanzo. Katika lugha nyingi za kompyuta, kompaila haijali nafasi wala mistari. Mwandishi akitaka, aweza kuiandika programu nzima katika mstari mmoja mrefu, na mashine itaielewa vile vile. Asiyeielewa ni binadamu. Na binadamu ndiye msomaji mkubwa, kwani msimbo ulioandikwa leo husomwa na wenzake, na waliomrithi, na yeye mwenyewe akishausahau. Kwa ajili ya wasomaji hao waandishi hukata mistari, huacha nafasi, na hujongeza ndani yale yaliyo chini ya mengine, kama vile mtu anavyoandika orodha ya wajukuu chini ya jina la mzazi wao.

Hapo mwanzo umbo halikuwa la mwandishi hata kidogo. Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, iliandikwa kwa kadi za matundu zenye safu 80. Safu tano za kwanza zilikuwa za namba ya amri, ya sita ilionesha kuwa mstari unaendeleza uliotangulia, na amri yenyewe ilikaa baina ya safu ya 7 na ya 72. Aliyevuka safu ya 72 maneno yake hayakusomwa. Umbo lilikuwa amri ya karatasi.

Mapinduzi yalikuja na lugha ya ALGOL 60. John Backus alibuni njia ya kuieleza sarufi ya lugha ya kompyuta kwa kanuni chache zinazotegemeana, na Peter Naur, aliyehariri ripoti ya lugha hiyo mwaka 1960, akaitengeneza na kuitumia. Njia hiyo si ngeni kwa anayejua arudhi. Shairi ni ubeti mmoja au beti kadhaa. Ubeti wa tarbia ni mishororo minne. Mshororo ni vipande viwili, ukwapi na utao. Kipande ni mizani nane. Kila kanuni hueleza kitu kwa vitu vidogo kuliko chenyewe, mpaka kufikia silabi isiyogawika. Sarufi ya lugha ya kompyuta husema hivyo hivyo: sharti ni neno la kushurutisha, kisha hali iliyo ndani ya mabano, kisha amri moja, na amri yaweza kuwa tendo, au kundi la amri lililofungwa kwa mabano, au sharti jingine. Kwa kuwa sharti laweza kuzaa sharti, kanuni chache hutosha kueleza maandishi yasiyo na mwisho. Na katika kanuni hizo hamna neno lolote juu ya safu ya 7 wala ya 72. Sarufi ilijitenga na karatasi, na umbo likabaki mikononi mwa mwandishi.

Uhuru huo ulileta ugomvi. Brian Kernighan na Dennis Ritchie walipochapisha kitabu chao juu ya lugha ya C mwaka 1978, walisema kuwa mahali pa kuweka mabano si jambo kubwa, wakachagua mtindo mmoja kati ya iliyokuwa ikipendwa, na wakamshauri msomaji achague wake na ashikamane nao. Ushauri ulikuwa wa busara, lakini haukuzingatia kuwa programu kubwa huandikwa na watu wengi pamoja. Mmoja alifungua mabano mwishoni mwa mstari, mwengine akayafungua katika mstari wa pili; mmoja alijongeza kwa nafasi mbili, mwengine kwa nane. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, katika waraka wake wa mtindo aliwashauri watu wachapishe nakala ya kanuni za mradi wa GNU, wasizisome, kisha wazichome moto iwe ishara. Ilikuwa ni mzaha, ila mzaha hupata ladha pale tu penye ugomvi wa kweli. Vikao vya kukagua kazi viligeuka kuwa vikao vya kubishana juu ya nafasi. Aliyekuwa mchanga kazini alirudishiwa andiko lake limejaa alama, na baada ya kulisahihisha aligundua kuwa hakuna aliyeangalia kama hoja yake ilikuwa sahihi.

Chombo cha kupanga kilizaliwa kutokana na ugomvi huo. Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Kwanza hulisoma andiko kwa kufuata sarufi, kama kompaila inavyofanya, na kulijenga upya kama mti: programu ni shina, sehemu zake ni matawi, na majina na alama ni majani. Kisha hulitoa andiko jipya kutoka katika mti huo, kwa mpangilio ulioamriwa. Ugumu uko katika kukata mistari, kwani sentensi ndefu yaweza kukatwa kwa njia nyingi sana, na chombo lazima kichague moja, tena ile ile kila mara. Derek Oppen alichapisha njia mashuhuri ya kulitatua jambo hili mwaka 1980. Philip Wadler baadaye alilifanya kuwa hesabu nadhifu, na chombo kiitwacho Prettier, kilichotolewa mwaka 2017, kilijengwa juu ya fikra zake. Bob Nystrom, aliyeandika chombo cha lugha ya Dart, alisema mwaka 2015 kuwa hiyo ndiyo programu ngumu kuliko zote alizowahi kuandika. Atakayelistaajabia neno hilo na ajaribu kueleza kwa kanuni, bila ya kuacha hata hali moja, ni wapi hasa pa kukata sentensi ya Kiswahili ili ipendeze.

Vyombo vya zamani vilimruhusu kila mtu kujichagulia. Kile kilichoitwa indent kilikuwa na vitufe kwa makumi, na kwa hivyo ugomvi ulihama tu, ukawa ugomvi wa vitufe. Lugha ya Go, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2009, ilikuja na chombo chake, gofmt, kisicho na kitufe hata kimoja cha mtindo. Rob Pike, mmoja wa walioiunda lugha hiyo, alisema baadaye kwa njia ya methali kuwa mtindo wa chombo hicho si kipenzi cha yeyote, ilhali chombo chenyewe ni kipenzi cha wote. Mwaka 2018 Łukasz Langa alitoa chombo cha lugha ya Python, akakiita Black, yaani Nyeusi, kwa kukumbusha kauli inayonasibishwa na Henry Ford kuwa mnunuzi aweza kupata gari la rangi yoyote ilimradi iwe nyeusi. Katika maneno hayo ya mzaha mna wazo zito. Kanuni inayomnyima kila mtu kipenzi chake, pamoja na waliyoiweka, haina mshindi wala mshinde. Mkubwa hawezi kumlazimisha mdogo ladha yake, kwa sababu ya kwake pia imechukuliwa.

Hata hivyo, usawa pekee hauhalalishi kitu. Dhulma yaweza kugawanywa sawasawa. Lazima pawe na sababu nyingine, na sababu hiyo huonekana vizuri katika kosa moja lililojulikana dunia nzima.

Mwezi Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka ya simu zake. Ndani ya msimbo uliokuwa na kazi ya kuthibitisha kuwa mtandao uliofikiwa ni ule unaodai kuwa, palikuwa na sharti: ikiwa hesabu fulani imeharibika, ruka hadi mwisho. Amri ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili, mstari chini ya mstari, yote miwili imejongezwa ndani sawasawa. Jicho lilipoitazama liliona amri mbili zilizo chini ya sharti moja. Lakini sarufi ya C husema kuwa sharti lisilo na mabano hutawala amri moja tu inayolifuata. Amri ya pili haikuwa chini ya sharti lolote. Ilitekelezwa kila mara, nayo ikaruka sehemu iliyobaki ya uthibitisho, hata ukaguzi wa saini haukufanyika, na jibu lililotolewa likawa kwamba mambo yote ni salama. Wenye nia mbaya waliweza kujipenyeza baina ya mtu na benki yake.

Hakuna aliyedanganya kwa kukusudia. Mpangilio ndio uliodanganya: umbo lilisema jambo moja na maana ikasema jingine, na wasomaji wakaliamini umbo. Lau msimbo ule ungepitishwa katika chombo cha kupanga, amri ya pili ingerudishwa nje, pembeni, chini ya neno la sharti, na hata mwanafunzi angeuliza inafanya nini pale. Hapa ndipo haki ya kupanga inapoanza kupata msingi. Mkao wa andiko ni kauli juu ya andiko. Ujongezi humwambia msomaji, “hili liko chini ya lile.” Kauli hiyo yaweza kuwa kweli au uongo, na binadamu aliyechoka hawezi kuaminiwa kuwa ataisema kweli kila mara. Chombo hupanga kwa kuufuata mti wa sarufi wala hakijui njia nyingine, kwa hiyo katika jambo hili hakiwezi kusema uongo. Anayekikabidhi umbo la andiko lake huwa amempa msomaji amana.

Ipo njia nyingine ya kufikia lengo hilo, nayo ni kulifanya umbo lenyewe kuwa sheria. Peter Landin aliipendekeza mwaka 1966, na Guido van Rossum akaifuata katika lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, ambamo mashine yenyewe huusoma ujongezi na kuufanya sehemu ya maana. Huko umbo na maana haviwezi kupingana, lakini kosa la nafasi moja hugeuka kosa la maana. Ni mfano wa arudhi kwa waishikao kikamilifu: mizani ikipungua, kilichoharibika ni shairi lenyewe, si pambo lake tu.

Sasa, chombo cha kupanga hudai jambo kubwa kinapoanza kazi. Hudai kuwa kinajua ni kipi katika andiko kilicho maana na ni kipi kilicho mkao tu, na kwamba kitagusa cha pili bila ya kugusa cha kwanza. Kila kanuni ya umbo, popote duniani, imeficha dai hili ndani yake. Uzuri wa vyombo hivi ni kuwa dai lao laweza kupimwa. Black, baada ya kulipanga andiko upya, hulisoma tena, huujenga mti wake, na kuulinganisha na mti wa andiko la asili. Miti ikitofautiana, chombo hukataa kazi yake chenyewe na kuliacha andiko kama kilivyolikuta. Kisha hujipima mara ya pili: hulipanga lile lililokwisha kupangwa, kione kama kitalibadilisha tena. Kikilibadilisha, basi kanuni zake hazijatulia, na napo hukataa. Ni nadra kumwona mtunga kanuni anayekula kiapo kisha akakihakiki kabla ya kuondoka.

Historia ya maandishi ya Kiswahili yatoa mizani ya kuupimia uadilifu huo. Katika miswada ya tenzi, mara nyingi vipande vinne vya ubeti viliandikwa katika mstari mmoja au miwili, vikitengwa kwa alama ndogo. Zilipochapwa kwa hati za Kirumi, kila kipande kilipewa mstari wake. Kazi hiyo ilikuwa ya kupanga tu. Mizani ilibaki nane, vina vilibaki mahali pao, na anayesoma kwa sauti hakusikia tofauti. Mpangaji aliweza kula kiapo akakitimiza.

Lakini kazi haikuishia hapo. Hati za Kiarabu za zamani zilitumia irabu tatu, hivyo neno moja lililoandikwa liliweza kusomeka “toa” au “tua”, na mwenye kuhamisha hati alilazimika kuchagua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na yalipotoka kitabuni mwaka 1940, kwa uhariri wa William Hichens, msomaji alipokea pamoja na maneno ya mshairi uamuzi mwingi wa watu waliokuja baada yake. Uamuzi wa namna hiyo hauepukiki, na mara nyingi hufanywa kwa elimu na uaminifu. Ila mwenye kuufanya hana tena haki ya kusema kuwa amepanga tu.

Tatizo lilizidi pale usanifu wa lugha ulipoingia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi yake, ikiongozwa na maofisa wa serikali za kikoloni na wamishenari. Faida zake kwa skuli na vitabu hazikanushiki. Lakini mtu achukue ubeti wa Kimvita wenye kina cha “to”, ambamo “mato” yamekaa pamoja na “moto”, “kito” na “mto”. Aje mhariri mwenye nia njema, aandike “macho” ili msomaji wa bara asitatizike. Kamusi itamshuhudia kuwa maana haikubadilika, kwani mato ni macho. Sikio litamshuhudia kuwa ubeti umevunjika. Mhariri huyo alikuwa na mti wake, na mti huo ulikuwa kamusi. Akalinganisha neno na neno, akaona sawa, akaondoka na dhamiri safi. Kosa lake lilikuwa kumchagua shahidi asiyejua kitu kilichokuwa hatarini. Na waliokijua, yaani watunzi wa Mvita na wa Lamu, hawakuwa wenye kauli katika kiti cha kamati.

Hapa yaweza kudhaniwa kuwa msimbo na shairi vimeachana njia: katika msimbo yupo shahidi wa kweli, katika shairi hayupo. Tofauti hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika, maana hata mti wa sarufi ni shahidi wa upande mmoja. Hushuhudia maana kama mashine inavyoielewa. Na ndani ya msimbo mna mambo mengi yasiyokuwa ya mashine.

La kwanza ni hashiya. Waandishi wa programu huandika pembeni au juu ya mstari maelezo ambayo mashine huyaruka: kwa nini jambo limefanywa hivi, hatari iliyoko, jina la kosa lililowahi kutokea. Mara nyingi hayo ndiyo maneno yenye thamani kubwa kuliko yote katika ukurasa. Katika mti wa sarufi hayana tawi. Chombo kinapouvunja mpangilio, hujikuta na maneno yasiyojulikana ni ya nani: je, hashiya hii ni ya mstari ulio juu yake au ulio chini? Katika lugha ya Go maelezo hayo huhifadhiwa kando ya mti kwa kufuata mahali yalipokuwa, na waliokiandika chombo chake wamekiri kuwa hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyowasumbua zaidi. Kila aliyewahi kunakili mswada wenye hashiya ataielewa taabu yao.

La pili ni umbo lenye kusema. Mtaalamu wa hesabu akiandika jedwali la namba tisa, tatu kwa tatu, huzipanga safu chini ya safu ili jicho lilione jedwali. Kwa mashine hizo ni namba tisa zinazofuatana. Chombo huzitia zote katika mstari mmoja, au huzishusha moja moja kama matone, na jedwali hutoweka. Mti haukubadilika hata kidogo, ilhali kilichopotea kilikuwa maana kwa kila kiumbe mwenye macho. Watengenezaji walilitambua hili. Black, pamoja na ukali wake, husikiliza neno dogo ambalo mwandishi aweza kuliweka kumwambia, “hapa acha,” na jingine la kumwambia, “sasa endelea.” Prettier nacho kina neno lake. Nayo gofmt, tofauti na wenzake, humwachia mwandishi mwenyewe aamue pa kukata mistari. Mlango huo mdogo ni kukiri kuwa mtunga kanuni hakuona kila kitu, na kanuni isiyokiri hivyo itamdhulumu mtu mapema au baadaye.

La tatu ni msomaji aliyesahauliwa. Ugomvi wa zamani kuliko wote ni kama kujongeza kufanywe kwa nafasi kadhaa au kwa alama moja ya Tab, na kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa ugomvi wa ladha. Lakini alama ya Tab hukaa kwa upana ambao kila msomaji hujichagulia kwenye mashine yake, na nafasi nane ni nafasi nane kwa kila mtu. Mwenye uoni hafifu anayekuza herufi mara kadhaa hujaliwa na nafasi tupu kabla hajalifikia neno. Asiyeona, anayesoma kwa vidole katika ubao wa breli wenye vyumba vichache, kila nafasi humlia chumba kimoja. Kwa watu hao jambo lililoitwa ladha ni mlango wa kuingilia kazini. Hawakuwa wametajwa katika mabishano ya vikaoni, kwa kuwa waliobishana wote walikuwa na macho mazima.

La nne ni sifa ya mwandishi. Programu nyingi siku hizi hutunzwa kwa chombo kiitwacho Git, ambacho huandika kumbukumbu ya nani aliyegusa mstari upi na lini. Ni isnadi ya msimbo: atakaye kujua jambo lilitoka wapi huifuata mpaka kwa aliyelisema kwanza. Sasa mradi mzee ukipitishwa katika chombo cha kupanga kwa siku moja, maelfu ya mistari hupata jina la yule aliyekiendesha chombo, naye hakuandika hata neno moja. Waliotunga wakafichwa nyuma ya aliyepanga. Mwaka 2019 Git iliongezewa njia ya kuiruka siku hiyo ya kupanga na kumrudia mwandishi wa kweli, dalili kuwa madhara yalikuwa yamehisiwa. Hapa pia mti ulikuwa salama, na haki ya mtu haikuwa salama.

Mambo hayo manne hayavunji hoja ya chombo. Msimbo uliopangwa kwa kanuni moja husomeka vizuri zaidi, hausemi uongo juu ya mpangilio wake, na humwokoa mchanga wa kazi kutokana na ubabe wa wakubwa. Yanachoonesha ni mahali mzigo ulipo. Anayetunga kanuni ya umbo hudhani kuwa anaamua juu ya nafasi, mabano na urefu wa mistari. Kwa kweli anaamua ni kipi kisichokuwa maana. Kila anachokiruhusu kisogezwe amekihukumu kuwa hakina neno. Hukumu hiyo ndiyo yenye dhima, nayo hutolewa kimya kimya, ndani ya mambo yanayoonekana madogo mno kustahili kujadiliwa.

Kutokana na hayo yafaa kusemwa kuwa haki ya kupanga andiko la mwengine yapatikana kwa sharti. Mpangaji awe na njia ya kuthibitisha kuwa hakuigusa maana. Kanuni yake imfunge na yeye. Shahidi anayemtegemea awe anakijua kilicho hatarini. Na pale shahidi huyo anaponyamaza, waulizwe wanaosoma, hasa wale wasiosoma kama yeye. Penye msimbo, sharti la kwanza limetimizwa kwa ustadi ambao wahariri wa vitabu hawajawahi kuwa nao, na masharti mengine yanatimizwa pole pole, kwa kufungua milango kila anapopatikana mtu aliyefungiwa nje. Penye shairi, sharti la kwanza halitimiziki kamwe, kwa kuwa hapajulikani mahali ambapo umbo lake lakoma na maana yakaanza. Ndiyo maana mhariri wa shairi hana chombo cha kumbebea dhima yake. Akisogeza neno amesogeza, na jina lake sharti liandikwe kando ya tendo hilo.

Wanakili wa zamani, mswada ukimalizika, waliandika mwishoni jina lao na siku waliyomaliza, na wengine wakamwomba msomaji awasamehe palipo na kosa. Hawakutunga neno lolote la utenzi walioukopi. Lakini walijua kuwa mkono wao umepita juu ya kila herufi.